Saa ya Chumba cha Joto

Vijana wa karakana, siku mliyoniaga mliniomba niandike, kwa sababu mkiniuliza jambo ana kwa ana huwa nawajibu kwa kuguna. Basi naandika. Vyeo sitavitaja, maana fundi wa hospitali ana vyeo viwili tu, cha kuitwa na cha kulaumiwa, na vyote nimevishika. Mshahara nao tuuache ulale. Nitaandika ya kazi, na zaidi nitaandika ya kile chumba cha joto, kwa sababu nyie ndio mnakitunza sasa, na wengi wenu hamjui kwa nini nilikuwa napita kushika mabomba yake kila asubuhi kabla hata sijavua koti.

Niliingia hospitali ya misheni nikiwa kijana mwembamba kutoka Kasokola. Nilikuwa nimesoma ufundi kidogo na kulima sana. Mpanda wakati huo ilikuwa na umeme wa jenereta za dizeli, na ulikuwa umeme wa kukisia. Ulikuja ukitaka na ukaondoka bila kuaga, na dizeli ikichelewa njiani wakati wa mvua, mji mzima ulirudi kwenye vibatari. Hospitali ilikuwa na jenereta yake ndogo, kuukuu, ambayo ilihitaji kubembelezwa. Mtu aliyejua kuibembeleza alikuwa mmoja tu, Mzee Pastory, Mfipa mfupi mwenye mikono mipana, na mimi nilipangiwa kuwa chini yake.

Siku ya kwanza nilikwenda na bisibisi yangu mpya mfukoni, imetokeza ili watu waione. Mzee Pastory aliichomoa, akaiweka juu ya kabati, akanipeleka kwenye chumba kidogo nyuma ya wodi ya wazazi. Kuta zake zilikuwa nene, madirisha madogo, na kuzunguka kuta zote yalipita mabomba ya chuma, usawa wa kiuno. Ndani mlikuwa na vitanda vidogo vya mbao, na kwenye kimoja alilala mtoto ambaye mpaka leo sijaona mtu mdogo kuliko yule.

"Shika bomba," Mzee Pastory aliniambia.

Nikashika. "Lina moto, mzee."

"Moto gani?"

Sikujua kwamba moto una gani. Akanionyesha kushika kwa mgongo wa mkono, siyo kiganja, kwa sababu kiganja cha mtu wa jembe ni kigumu na kinadanganya. Ukivuta mkono haraka, maji yamezidi. Ukiweza kuuacha pale ukasema habari za nyumbani kwa mtu, hapo ndipo. Ukianza kujiuliza kama lina moto au la, kimbia kwenye boila. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kwa wiki za mwanzo, kushika bomba na kusema moto gani. Bisibisi ilikaa juu ya kabati mpaka ikaota vumbi, na nilimchukia yule mzee kwa moyo wote.

Mabomba yale yaliwekwa na Bruda mmoja wa kimishionari, mtu wa Ulaya, ambako nyumba hupashwa joto kwa maji ya moto yanayozungushwa ukutani. Watu wa mji walimcheka. Nchi ina jua la kukaanga mtu, halafu mzungu anajenga chumba cha kuongezea joto! Lakini waliocheka hawakuwa wamekaa na mtoto njiti katika kipupwe cha Mpanda, mwezi wa sita na wa saba, saa ile ya kabla ya jua ambapo hata jogoo anawika kwa kujilazimisha. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hana nyama ya kutunza joto. Akipoa, anaacha kunyonya, kisha anaacha kulia, na manesi watawaambia kwamba mtoto anayelia hawatishi kama yule aliyenyamaza.

Nyuma ya jengo kulikuwa na boila ya kuni, pipa la maji, na pampu ndogo ya kusukuma maji ya moto kwenye mabomba. Mlinzi wa zamu alichochea kuni. Pampu iliwashwa na kuzimwa na saa, na hii saa ndiyo nataka muielewe vizuri, kwa sababu mambo yote yanatoka hapo. Ilikuwa kisahani cha duara ndani ya sanduku la chuma, kinazunguka mara moja kwa siku nzima. Pembeni kilikuwa na namba kuanzia moja mpaka ishirini na nne, na matundu ya kuchomeka vijiti. Kijiti kimoja kiliwasha pampu, kingine kilizima. Mchana jua na bati vilitosha kupasha chumba, kwa hiyo pampu ilipumzika na kuni zikapona. Jioni iliwaka, ikaendelea usiku kucha mpaka jua lipate nguvu.

Bruda aliitegesha saa kizungu, siku inaanza usiku wa manane. Manesi waliisoma kiswahili, siku inaanza na jua. Kukawa na fujo. Nesi anasogeza kijiti kwenye namba anayoijua, chumba kinawaka mchana watu wanatoka jasho, kisha usiku kinapoa. Bruda aliwafundisha akachoka, na aliporudi kwao moja kwa moja, Mzee Pastory alifungua sanduku, akashika kisahani, akakizungusha robo ya duara. Kuanzia siku hiyo namba moja ilikuwa saa moja asubuhi na kumi na mbili ilikuwa jioni jua linapozama. Kumi na tatu ikawa saa moja usiku, na kuendelea hivyo mpaka alfajiri. Alichora jua kwa rangi nyekundu upande wa mchana na mwezi upande wa usiku.

"Saa ikae nchi inayofanyia kazi," alisema, akafunga sanduku.

Vijiti vikawekwa kumi na tatu kwa kuwasha na mbili kwa kuzima. Yaani saa moja usiku iwake, saa mbili asubuhi izime. Vilikaa hapo miaka yote niliyofanya kazi chini yake, na miaka mingi baada yake. Hakuna nesi aliyekosea tena, kwa kuwa hakuna aliyehitaji kufikiri. Aliyekuja mgeni alionyeshwa jua na mwezi, akaelewa.

Nisiwachoshe na ya katikati, ingawa katikati ndiko mtu anakoishi. Maji ya hapa yana chokaa, na mabomba yaliziba mpaka maji yakawa yanapita kwa kuomba ruhusa. Tuliyafungua kipande kwa kipande, tukayasugua kwa chuma na maji ya ndimu, tukayarudisha, huku manesi wakituuliza kila baada ya muda mfupi kama tunafungua bomba au tunachimba kisima. Kuna mwaka dizeli iliisha kabisa, na ikabidi daktari achague jenereta iwashe chumba cha upasuaji au pampu yetu. Akachagua upasuaji, na mimi na Mzee Pastory tukakesha tunabeba maji ya moto kwa ndoo. Mzee hakulaumu. Alisema angekuwa daktari naye angechagua hivyo, na ndiyo maana hakusomea udaktari.

Alistaafu kabla yangu, kama ilivyo kawaida, akafariki muda si mrefu baadaye huko kwao Ufipa. Nilikwenda kumzika. Sikulia kaburini, nililia niliporudi karakana na kukuta bisibisi yake iko mahali pake. Simwelezi mtu vizuri nikisema alikuwa mwalimu wangu. Alikuwa mtu aliyenikera kila siku, na sasa kila siku nasikia nimepungukiwa na yule wa kunikera.

Umeme wa gridi ulipofika Mpanda, mji ulishangilia na sisi tukaiaga boila ya kuni. Tukafunga ya umeme. Saa ya Mzee Pastory niliiacha, kwa sababu kitu kinachofanya kazi hakihitaji kubadilishwa ili mtu aonekane amefanya kazi. Wakubwa hawakupenda sana maneno hayo.

Kisha wakaja watu wa mradi. Sitawasema vibaya, walileta vitanda vizuri na mashine za oksijeni. Walileta pia themostati ya kisasa, kidude cheupe cha kukaa ukutani, kinachopima joto la chumba chenyewe na kuamrisha boila, kwa saa kilizopangiwa, kwa kutumia laini ya simu. Hakina kitufe hata kimoja. Kinaendeshwa kwa simu ya mkononi, hata ukiwa Dar es Salaam. Kijana aliyekuja kukifunga aliitwa Injinia Baraka, mwenye adabu, mwepesi wa kazi, na waya zake zilinyooka mpaka nikaona wivu. Lakini hiyo siku sikumkuta. Pampu ya maji ya zahanati ya Kasokola ilikuwa imekufa, nikatumwa huko, na kwa kuwa ni kwetu nikalala kwa dada yangu. Niliporudi kesho yake, saa ya Mzee Pastory ilikuwa kwenye rafu ya karakana, vijiti vyake vikiwa bado vimechomekwa, na Injinia alikuwa kituo cha basi.

Katibu wa hospitali aliniita akanionya kwamba kile kidude kimefungwa kwa lakiri, na fundi yeyote akikigusa, dhamana imekufa. "Hata wewe, Fundi Gervas," alisema. "Hasa wewe."

Nikakagua waya kwa macho. Zilikuwa sawa. Nikapima umeme kwenye boila, ulikuwa sawa. Jioni hiyo nikashika bomba kwa mgongo wa mkono, nikasimama pale nikamuuliza nesi habari za watoto wake, naye akanijibu mpaka mwisho. Nikaenda nyumbani Makanyagio nimetulia.

Ilikuwa msimu wa joto, na hapo ndipo tuliponaswa. Manesi walianza kulalamika kwamba chumba kinachemka mchana. Injinia alipigiwa simu, akajibu kwa heshima kwamba huenda kipimo kinapigwa na jua la dirishani, akapunguza joto kidogo kutoka huko huko aliko. Manesi wakafungua madirisha. Usiku wa manane haukuwa na baridi ya kumsumbua mtu, na njiti waliozaliwa miezi hiyo walibebwa na mama zao vifuani, ngozi kwa ngozi, kama wanavyofundishwa siku hizi. Kifua cha mama ni bora kuliko boila yoyote niliyowahi kufunga. Chumba cha joto ni cha mtoto ambaye mama yake hawezi.

Kipupwe kilipoingia akaja mama mmoja kutoka Mishamo, jina lake Spesiosa. Aliletwa kwa pikipiki kisha kwa gari, njia ile mnaijua. Alikuwa na mapacha na walikuja kabla ya wakati. Alifanyiwa operesheni, akapoteza damu nyingi, akalazwa hana fahamu vizuri, dripu huku na huku. Watoto wawili wa kiume wakapelekwa chumba cha joto. Hakuna aliyekaa kuwatafutia majina. Watu wa Mishamo wenye asili ya Burundi wana majina ya mapacha tayari, aliyetangulia ni Bukuru na aliyefuata ni Butoyi, hata manesi wa Kikonongo, wenyeji wa hapa, wanalijua hilo. Wakaandikiwa hivyo kwenye plasta mkononi.

Jioni niliwaona. Nilipita kushika bomba, lilikuwa na moto wa kutosha kabisa, tena kuzidi. Butoyi alikuwa mdogo zaidi lakini ndiye alikuwa mpiga kelele. Nikamtania Nesi Skolastika, aliyekuwa anaingia zamu ya usiku, kwamba huyo akikua atakuwa mwenyekiti wa kijiji. Akacheka, akaniambia nitoke na viatu vyangu vya grisi.

Nilifika kesho yake jua likiwa linachomoza, kama kawaida yangu. Nesi Skolastika alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. Alikuwa amefungua vifungo vya sare yake, Bukuru yuko kifuani kwake, na juu amejifunga kitenge. Nyuma yake daktari wa zamu aliinama juu ya meza. Butoyi alikuwa pale, amefunikwa pamba na blanketi, na chupa za maji ya moto zimemzunguka. Hakuwa anapiga kelele.

"Fundi," Nesi aliniambia, "shika hilo bomba."

Nikashika. Lilikuwa la baridi kama la maji ya kunywa.

"Lilikuwa na moto nilipoingia," alisema. "Nikaitwa wodini, mama mmoja alikuwa anajifungua vibaya, na niko peke yangu zamu nzima. Niliporudi kumepoa. Nimempigia katibu, simu haipatikani. Nimewafunika wote wawili. Nimechemsha maji. Halafu nikambeba huyu kwa sababu alikuwa ameshaacha kunyonya, Fundi. Yule alikuwa bado analia. Nikaona yule ana nguvu."

Nilikimbilia boila. Umeme ulikuwepo, koili nzima, pampu nzima. Kile kidude tu ndicho kilikuwa hakiamrishi moto, kimekaa ukutani kimya na taa yake ya kijani. Nilikata lakiri ya waya zake pale kwenye boila, nikachomoa waya mbili nikaziunganisha moja kwa moja, pampu ikanguruma. Nilirudi chumbani nikaweka mkono kwenye bomba na sikuuondoa. Joto lilikuja polepole sana. Lilipofika kiasi cha kuweza kusema habari za nyumbani, daktari alikuwa ameshanyoosha mgongo na kuvua glavu.

Nilikwenda karakana nikakaa. Nilikuwa na hasira iliyotaka mtu wa kumshika koo. Mbele yangu kwenye rafu ilikuwa ile saa, na nikavitazama vijiti vyake muda mrefu kabla kichwa hakijafunguka. Nikampigia Injinia Baraka.

"Shikamoo mzee."

Sikuitikia. "Hicho kidude umekiambia kiwake saa ngapi?"

Akafungua simu yake. "Kumi na tatu kinawaka, mbili kinazima. Nimefuata ile ya zamani, mzee. Nilimuuliza nesi kama ilikuwa inafanya kazi vizuri, akasema haijawahi kusumbua. Nikaona wazee walishapima, mimi nisiharibu."

"Kumi na tatu yako ni saa ngapi, mwanangu?"

"Saa saba mchana."

"Ya kwetu ilikuwa saa moja usiku. Na hiyo mbili yako?"

Nilisikia magari ya Dar yakipita nyuma yake. "Saa nane usiku," alisema. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyeshaona jibu, "Mzee, kuna mtoto?"

"Walikuwa wawili."

Alibadilisha zile namba akiwa huko huko. Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai. Jambo hilo ndilo lililonitesa kuliko yote, kwamba lilikuwa dogo kiasi hicho. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Hakudharau kazi ya wazee. Aliiheshimu akainakili kama ilivyo, na hakuna kitu duniani ambacho kingemwambia kwamba huku kwetu kuna mzee aliyewahi kuzungusha siku robo ya duara. Ule mchoro wa jua na mwezi rangi yake ilishafifia, yeye aliona madoa ya kutu. Nesi aliyemwonyesha naye alisema kweli, haijawahi kusumbua. Tangu mwaka huo kila kipupwe kinapoingia Injinia ananipigia simu, hanisalimii hata, anauliza tu, "Mzee, bomba lina moto?"

Kikao kilikaa. Ikasemwa kwamba mtoto alikuwa mdogo mno, na hiyo ni kweli. Ikasemwa kwamba nesi alikuwa mmoja, na hiyo pia ni kweli. Kuhusu saa, katibu alisema ni jambo la kiufundi, limesharekebishwa, na hakuna faida ya kumpelekea mama mwenye majonzi habari za vijiti na namba. Wengi walitikisa kichwa kukubali. Walikuwa watu wema, walitaka kumwonea huruma. Mimi nilisema, "Ni mtoto wake." Nikaambiwa nimechoka, nikapumzike.

Spesiosa alipata nafuu, akaruhusiwa akiwa na Bukuru kifuani. Butoyi alizikwa hapa Mpanda wakati mama yake hawezi hata kukaa. Spesiosa aliondoka na neno moja tu, kwamba ni mapenzi ya Mungu. Nilivumilia mpaka wakati wa kuvuna maharage, kisha nikaazima pikipiki nikaenda Mishamo.

Nilimkuta uani anapukuchua maharage, Bukuru amelala kwenye mkeka kando yake, amefungwa sweta juu ya sweta na jua liko utosini. Alinipa kigoda. Nikamweleza yote, kuhusu saa ya zamani, kuhusu kidude, kuhusu namba ambayo huku ni usiku na kule ni mchana. Nilieleza vibaya, narudia, nachora chini kwa kijiti. Hakunikatiza. Mikono yake iliendelea na maharage.

"Bukuru alibebwa na nani?" aliniuliza mwishoni.

"Nesi Skolastika."

"Na Butoyi?"

"Alikuwa mezani, mama. Walimfunika vizuri."

Alitikisa kichwa polepole. "Basi ulikuja kunieleza hilo."

"Ndiyo, mama."

"Umefanya safari ndefu, baba," alisema, na sikuweza kujua kama ananishukuru au ananifukuza. Nilipoinuka alinifungia maharage kwenye kitambaa, ya kumpelekea Nesi. Nilimpelekea. Nesi Skolastika aliyapokea kwa mikono miwili, akayaweka mezani, akaomba uhamisho wa kwenda wagonjwa wa nje wiki hiyo hiyo. Hajawahi kurudi wodi ya wazazi.

Mpaka leo sijui kama nilifanya vema. Nilijiambia kwamba mama ana haki ya kujua, na bado naamini hivyo. Lakini nilikuwa nimebeba mzigo, na nilipotoka Mishamo nilikuwa mwepesi kidogo na yeye akawa mzito zaidi. Mkija kupata siku yenu, kama Mungu atawapa siku mbaya ya namna hiyo, mtaamua wenyewe. Mimi siwezi kuwaamulia.

Ya kazi naweza kuwaambia. Kidude kile si kibaya. Kwa sasa kinafanya kazi vizuri kuliko saa yoyote, nimekipa swichi ya pembeni ambayo nesi anaweza kuwasha pampu kwa mkono bila kumpigia mtu simu, na katibu amekubali kutoiona. Kipimo kisikae juu ya bomba wala karibu na dirisha. Na mkibadilisha chombo chochote, msinakili namba. Muulizeni anayekitumia kinafanya nini, saa ngapi, na wakati huo jua liko wapi, kisha kaeni nacho mpaka asubuhi, kwenye msimu wa baridi, mkono ukiwa kwenye bomba. Siku moja haitoshi. Mtu akiwaambia hakijawahi kusumbua, hapo ndipo muanze kuuliza.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikuwa nafunga taa kwenye baraza la kliniki ya watoto. Mchana ulikuwa wa joto kali, akina mama wanajipepea kwa kadi za kliniki. Spesiosa alikuwa kwenye benchi. Bukuru amekua, ana miguu ya kukimbia na meno yote, na amevaa sweta mbili, jasho linamtiririka shavuni. Nilishuka kwenye ngazi nikawasalimia. Alinijibu vizuri, akamwambia mtoto anipe shikamoo, naye akanipa.

Pembeni yao alikaa bibi mmoja wa huko huko Mishamo, mchangamfu, wa kuongea na kila mtu. Alimvuta mtoto karibu, akamuuliza jina.

"Bukuru."

"Eeh, Bukuru! Na Butoyi yuko wapi? Mbona umekuja peke yako?"

"Alisikia baridi," mtoto alijibu.

Bibi akacheka, akajipiga paja. "Baridi na jua lote hili! Huyo ni mvivu. Haya, mwanangu, kamwite aje aote jua hapa na sisi."

Bukuru akamgeukia mama yake, akasimama hapo anasubiri aruhusiwe kwenda kumwita.